Likizo ya familia Tanga: siku za kutoka na siku za kutulia

Kila shule zikifungwa, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, ndugu huanza kupiga simu. Wanakuja Tanga, na kila mmoja ana orodha yake: Mapango ya Amboni, Pangani, kisiwa cha Maziwe, Lushoto, Amani, Saadani. Wengi wana wiki moja tu ya likizo kazini. Baada ya kupanga na kupangua hubaki siku moja au mbili zisizo na jina, na hapo ndipo ubishi unapoanza: baba anataka safari iongezwe, mama anataka watu wapumzike, watoto wanataka bahari asubuhi na jioni.

Mimi ni mwenyeji wa hapa, na nimepokea wageni wa kila namna, wenye watoto wachanga na wenye wazee. Msimamo wangu nausema mapema: siku za kupumzika ziandikwe kwanza, halafu matembezi yagombee nafasi zinazobaki. Ukifanya kinyume, kupumzika hakutapata nafasi kamwe. Kila tembezi lina watu wa kulipigia debe: dereva, binamu, picha kwenye simu. Siku ya kutulia haina wa kuipigia debe, kwa hiyo anayepanga safari ndiye lazima aitetee.

Hatua ya 1: Hesabu siku mlizonazo kweli

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita kama 350, kwa njia ya Chalinze na Segera. Basi likiondoka asubuhi mnafika mchana au alasiri, na mkiwa na watoto siku hiyo imekwisha. Mnaotoka Arusha au Dodoma ndiyo zaidi. Kwa hiyo likizo ya siku saba ni likizo ya siku tano. Siku ya kuja na siku ya kurudi usizipangie kitu chochote zaidi ya kuoga, kula na kulala.

Sasa toa siku ya kusalimia. Hapa ndipo mahesabu ya wengi yanapoharibika, kwa hiyo nikae kidogo. Familia ikija Tanga ina bibi wa kumwona Ngamiani, shangazi Chumbageni, na mjomba Muheza ambaye akisikia mmepita hapo bila kushuka mtayasikia maneno yake mpaka harusi ijayo. Watu huiandika siku hiyo kama mapumziko kwa sababu "tutakuwa tumekaa tu". Mtakuwa mmekaa, ndiyo, lakini mkiwa mmevaa nguo nzuri, watoto wamekatazwa kukimbia, nyumba ya kwanza chai na vitumbua, ya pili wali wa nazi na samaki, ya tatu wali tena, na hakuna mahali pa kusema "tumeshiba" kwa mwenyeji aliyeamkia jikoni. Mtoto wa miaka mitano anayetoa shikamoo kwa watu ishirini asiowajua anarudi amechoka kuliko aliyeshinda baharini. Kusalimia ni jambo kubwa, na mimi ningeona ajabu mtu aje Tanga asimwone bibi yake. Nasema tu lihesabiwe kama safari nzima, kwa heshima yake, lisiibe nafasi ya mapumziko.

Zimebaki siku nne. Ndizo za kugawana.

Hatua ya 2: Mwendo wa familia ni wa aliye dhaifu

Andika majina ya wote wanaokuja, kisha mtafute aliye mdogo kuliko wote na aliye dhaifu kiafya kuliko wote. Hao wawili ndio wanaopanga ratiba, mtake msitake. Mtoto anayelala kila siku saa saba mchana atalala saa saba, na asipolala mtamsikia kuanzia saa kumi. Bibi mwenye magoti hatasema kuwa amechoka. Atasema "niacheni hapa kivulini, nyinyi endeleeni", na hiyo maana yake amechoka tangu saa moja iliyopita. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye yumo.

Chukua Amboni. Ni karibu, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji kwa barabara ya kwenda Horohoro, na watu huiona safari nyepesi kwa sababu hiyo. Lakini ndani ya pango ni giza tupu. Mwongoza wageni anatangulia na tochi, chini pana utelezi, juu popo wanaruka, na kuna sehemu mtu mzima anainama sana ndipo apite. Kijana wa miaka kumi na minne atatoka humo akisimulia wiki nzima. Mtoto wa miaka mitatu aliyefika jana usiku kwa basi atamng'ang'ania mama yake shingoni pale mlangoni na kupiga kelele, na mama atabaki nje naye huku kiingilio kimeshalipwa. Pango ni lile lile. Tofauti ni kama mtoto alilala vizuri, kwa hiyo Amboni isiwe siku ya kwanza baada ya kufika, hata kama ipo karibu.

Hatua ya 3: Yapime matembezi kwa uzito

Wengi hupanga kwa kuangalia kiingilio na nauli. Fedha ni muhimu, lakini nguvu huisha kabla ya fedha. Mimi hugawa hivi.

Mepesi ni yale ambayo mtu anaweza kurudi nyumbani ndani ya nusu saa akichoka: kuogelea Raskazone, bustani ya Jamhuri jioni kutazama bandari, Makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani la Wajerumani. Bajaji inatosha. Haya yanaweza hata kuingia ndani ya siku ya mapumziko, mradi ni moja tu na hakuna anayelazimishwa kwenda.

Ya wastani huchukua nusu siku: Amboni, kuvuka kwa boti hadi kisiwa cha Toten kilicho ghubani mbele ya mji, au magofu ya Tongoni, kama kilomita 20 kusini kwa barabara ya Pangani. Tongoni nawapendekezea wenye watoto waliokwisha kusoma historia kidogo. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na kuna kisa kinachowakalisha kimya: pwani hii ya Mtangata ndipo mabaharia wa Vasco da Gama, wakirudi kutoka India mwaka 1499, walipoichoma wenyewe meli yao ya São Rafael, kwa sababu waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Nendeni saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mazito ni ya kutwa. Pangani mjini ni kilomita kama 50, na ukiongeza kuvuka mto kwenda Bweni na fukwe za Ushongo, siku imekwisha. Maziwe ni ya kutwa. Amani, msitu wa hifadhi juu ya Muheza, ni ya kutwa kwa sababu ya barabara ya mlimani. Mvua za masika zikiwa zimechanganya hata msijaribu na gari dogo. Saadani, wanyama wakiwa karibu na bahari, inafaa zaidi mkilala huko kuliko kwenda na kurudi.

Lushoto nitaisema peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoombwa kuliko zote. Kutoka Tanga mjini ni saa tatu au zaidi kwenda tu, na kuanzia Mombo gari linapanda milima kwa kona mfululizo kwa zaidi ya kilomita 30. Watoto wengi hutapika hapo. Mkifika Irente mkatazama chini bondeni mtafurahi sana, halafu mtatazama saa na kukuta ni wakati wa kurudi. Ama mlale Lushoto usiku mmoja au miwili, mkiwa na masweta kwa sababu mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kweli, ama muiache kwa likizo nyingine. Kwenda na kurudi siku moja na watoto chini ya miaka saba siwashauri hata kidogo.

Kwa siku nne tulizobaki nazo: zito moja, la wastani moja, na siku mbili za kutulia ambazo ndani yake mnaweza kuweka jambo jepesi. Familia yenye vijana wakubwa tupu inaweza kubeba mazito mawili, na siku moja ya kutulia katikati. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili, joto la kaskazi likiwa limekaza, punguzeni hapo pia.

Hatua ya 4: Uliza maji kabla ya kutaja tarehe

Mgeni wa bara hupanga kwa Jumatatu na Jumanne. Pwani siku nyingine hupangwa na maji.

Maziwe ni fungu la mchanga nje ya Pangani, hifadhi ya bahari, na maji yakijaa linafunikwa. Hakuna mti wala kivuli. Boti lazima lifike maji yakiwa yanapwa na liondoke kabla hayajarudi, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu saa nzima. Siku ambayo maji yanapwa asubuhi ya kuridhisha ndiyo siku ya Maziwe. Zilizobaki, hata kama dereva yupo na fedha ipo, mtafika mkae robo saa au msikae kabisa. Hata Raskazone ina wakati wake. Maji yakipwa sana, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, bahari inakwenda mbali na watoto wanabaki kwenye tope na mawe. Wakati wa kuogelea ni maji yakiwa yanajaa.

Wapigie nahodha au wavuvi siku chache kabla, waulize: "Maji yanapwa saa ngapi Jumatano?" Watakujibu bila kufungua kitabu. Tembezi la bahari likishapata tarehe yake, mengine yote yanapangwa kulizunguka.

Hatua ya 5: Ziweke siku za kutulia mahali pake

Ya kwanza ni kesho yake baada ya kufika. Najua ndiyo siku ambayo watoto wana hamu zaidi. Wape bahari jioni, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, lakini asubuhi walale mpaka waamke wenyewe. Ya pili ni kesho yake baada ya tembezi zito. Msiweke zito mkafuatisha la wastani eti kwa sababu la wastani ni dogo. Miguu haijui kwamba ni dogo. Siku ya kusalimia ikae ama baada ya ile ya kutulia ya kwanza, ama mwisho kabla ya kurudi, na kwa familia ya Kiislamu Ijumaa inafaa sana kwa hilo, maana baada ya swala ndugu wengi wapo nyumbani. Kwa Wakristo ni Jumapili baada ya ibada.

Hatua ya 6: Hakikisha inampumzisha kila mtu

Hapa nazungumza na akina baba zaidi. Mama aliyekuja likizo nyumbani kwa wifi yake, siku ya "mapumziko" akaamka kufua nguo za Pangani zilizojaa mchanga, akachambua mchele, akakuna nazi, akaosha vyombo vya watu kumi, huyo hajapumzika. Siku imempumzisha kila mtu isipokuwa yeye, na kesho mkiondoka atakuwa na hasira ambazo hakuna atakayejua zimetoka wapi.

Kwa hiyo siku ya kutulia nayo hupangwa. Kifungua kinywa kinunuliwe: asubuhi Tanga haikosi mama mwenye sufuria ya mbaazi za nazi na maandazi mtaa wa pili, na mtoto mkubwa anaweza kutumwa na bakuli lenye kifuniko. Nguo zipelekwe kwa dobi, au wafue vijana. Mchana iwe chungu kimoja, au samaki wa kukaanga wa kununua na mihogo. Wenyeji nao waambiwe tangu jana, kwa upole: "Dada, kesho tunakaa tu, usijisumbue kupika makubwa." Ukishasema hivyo naye anapata kupumua, maana kumpokea mgeni kwa wiki nzima ni kazi kubwa, na mara nyingi mwenyeji ndiye aliyechoka kuliko wote.

Halafu acheni siku iende. Watoto wa mjini hukaa dakika kadhaa wakilalamika kwamba hakuna la kufanya. Msiwape simu bado. Mwaka jana wajukuu wa jirani yangu walianza hivyo hivyo barazani, mpaka mmoja akavuta gunia la machungwa ya Muheza waliyonunua njiani. Alimenya moja kwa kisu butu bila kukata ganda, lote likatoka kama utepe mrefu. Mwenzake akataka lake liwe refu zaidi. Hadi adhuhuri walikuwa wamepanga maganda sakafuni wakipima kwa miguu, na wazazi wao wamelala ndani, mlango wazi, upepo wa bahari unapita.

Saa kumi na nusu jioni, baba awachukue watoto kwa bajaji mpaka Raskazone au Jamhuri, mama abaki au aende kutembea peke yake. Hilo moja tu ndilo la kutoka nje.

Hatua ya 7: Tembezi la nyongeza likijitokeza

Litajitokeza. Mara nyingi huja usiku, watu wakiwa wameshiba na wana furaha.

"Shangazi, kesho kuna gari linakwenda Pangani, lina nafasi!"

"Nani kasema twende?"

"Mjomba. Anasema mafuta tutachangia kidogo tu."

Punguzo ndilo linalowaponza wengi. Dereva wa Noah atakwambia siku ya pili anashusha bei kwa kuwa tayari yuko na nyinyi. Mtindo huu ni wa dunia nzima: ndugu zetu walioko Marekani wakipeleka watoto Walt Disney World kule Florida, penye bustani kubwa nne za michezo, tiketi ya siku nyingi huwa na bei ndogo kwa kila siku kuliko tiketi ya siku moja. Siku ya tano inaonekana kama ya bure. Lakini mnalipa chakula, maji na vitu vidogo vidogo watoto wanavyoomba, na mnalipa kwa usingizi. Hapa kwetu ongeza kiingilio cha kila kichwa, boti, na chakula cha mchana cha njiani. Piga hesabu yote ndipo useme ni rahisi.

Msijibu usiku huo huo kwa furaha. Waangalieni watoto kwanza. Je, wamekula chakula cha jioni au wamekichezea? Wanagombana kwa vitu ambavyo kwa kawaida hawagombanii? Mkojo wao ni wa njano iliyokoza, dalili kwamba maji hawakunywa ya kutosha? Kuna anayekohoa, au ngozi iliyoungua na jua mabegani? Moja ya hayo likiwapo, jibu ni hapana, na bora liwe hapana la waziwazi kuliko "tutaona", kwa sababu mtoto akisikia "tutaona" anasikia ndiyo.

Wakiwa wazima, uliza jambo la pili: tunaondoa nini? Nyongeza iingie mahali pa tembezi lingine, isiingie mahali pa siku ya kutulia. Gari la Pangani ni zuri, basi Amboni isogezwe au iachwe. Kama hakuna aliye tayari kuacha chochote, hiyo hamu si kubwa kama inavyosikika.

Mjomba naye ajibiwe kwa heshima, na ajibiwe na mtu mzima, asitumwe mtoto: "Shikamoo mjomba. Tunashukuru sana, ila kesho watoto wanapumzika. Ukienda tena Jumamosi tutakuwa nawe." Sijaona mjomba aliyekasirika kwa jibu hilo.

Hatua ya 8: Si lazima wote mwende

Familia zetu hupenda kutoka pamoja, gari moja, sare ikiwezekana. Lakini vijana wawili wenye nguvu wakiwa na hamu ya Amboni na bibi akiwa na hamu ya kulala, hakuna sababu wote wafanye kitu kimoja. Vijana waende na mtu mzima mmoja, mdogo abaki na bibi. Kwa njia hii siku moja inakuwa ya kutoka kwa wengine na ya kutulia kwa wengine, na ubishi unapoa wenyewe. Sharti ni moja: atakayebaki na watoto wadogo asiwe mtu yule yule kila mara.

Hatua ya 9: Siku ya mwisho na njia ya kurudi

Jioni ya kabla ya kuondoka isiwe na safari. Mabegi yafungwe kabla ya giza, nguo za maji ziwe zimekauka. Wanaorudi Dar husema mara nyingi, "Tukifika mapema tuwapitishe watoto kwenye zile bustani za maji za Kunduchi." Baada ya saa sita za barabara, mtoto atalala kwenye kiti huku mmelipia kuteleza. Hiyo wekeni Jumamosi nyingine, mkiwa mmetoka nyumbani.

Na rudini siku mbili kabla ya shule na kazi kuanza, hata kama ni kwa kupunguza siku moja ya Tanga. Siku ya kwanza nyumbani ni ya kufua, ya pili ni ya kutafuta daftari, kunyoa nywele na kunyoosha sare. Fika Ijumaa, Jumatatu watoto waende darasani wakiwa wamelala usiku tatu kwenye vitanda vyao.